Basi Lenye Alama ya Kijani

Darasa letu liliwekwa juu ya shimo. Sisemi kwa mafumbo. Katika kituo nilichojifunzia ufundi wa magari, hapa Bukavu, karakana ilikuwa na shimo refu la saruji, lile ambalo fundi anashuka ndani kwa ngazi ili alione gari kwa tumboni. Tunaliita fosse. Zilipokuja tablette, zile kompyuta bapa za kugusa kwa kidole, fosse ikafunikwa kwa mbao nene, juu ya mbao likatandikwa zulia la plastiki la buluu, juu ya zulia zikapangwa meza. Ukikanyaga katikati ya chumba, sakafu inajibu kama ngoma. Siku za mvua tulisikia maji yanaingia chini ya miguu yetu, sijui yanatokea wapi, na harufu ya mafuta ya zamani inapanda kati ya mbao, na sisi tumeinamisha vichwa kwenye vioo vyetu tunafungua boliti kwa kidole.

Injini ya mazoezi, ile iliyofunguliwa na kufungwa na wanafunzi wa miaka yote mpaka vichwa vya boliti zake vikawa mviringo, ilitolewa nje wiki hiyohiyo. Watu sita waliibeba. Iliachwa uani chini ya turubai, na haukupita muda mtu akaanza kuanika nguo juu yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, diploma ya sekondari ambayo haikunipa kazi hata ya kufagia, na binti wa miaka minne. Baba yake yuko machimboni, au anasema yuko machimboni. Nilichagua magari kwa sababu magari hayaishi kuharibika katika mji huu wa milima na mashimo. Niliingia kwa hasira, na kwa hasira nikawa wa kwanza darasani.

Na sitaki kudanganya: zile mashine nilizipenda. Formateur wetu mpya, mwalimu kijana aliyesomea mbali, tuliyemwita Ingénieur, alikuja na kisanduku cheusi chenye waya mmoja, valise, ambacho unakichomeka chini ya usukani na gari linakuambia linaumwa wapi. Siku moja ililetwa jeep iliyokuwa imepita kwa mafundi watatu. Walikuwa wamebadilisha pampu, wamebadilisha filta, wameilaani. Ingénieur alinipa valise mimi. Muda wa kunywa chai haukuisha, kioo kikaonyesha waya mmoja mdogo uliotafunwa na panya. Tukaufunga, jeep ikawaka. Mwenye jeep alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu siku hiyo wenzangu waliniita Maman Valise, na mimi niliitika.

Breki tulijifunza kwenye tablette. Unagusa tairi, linatoka. Unagusa ngoma ya breki, inafunguka na kulia kling. Springi zinang'aa kama hereni. Ukimaliza bila kosa, inatokea alama ya kijani na sauti ya makofi. Nilipata kijani mara zote. Sasa naona kilichokuwa kinakosekana mle ndani: kwenye tablette hakuna boliti iliyoshikwa na kutu, na hakuna fundi aliyetangulia. Gari la tablette halijawahi kuguswa na mtu. Gari la Bukavu limeguswa na watu kumi kabla yako, na kila mmoja ameacha ndani yake siri yake ndogo.

Siri moja inajulikana na kila mtu. Gurudumu likianza kuvuja mafuta ya breki na kipuri hakipo, fundi wa barabarani anachukua koleo, anakunja kale kabomba kembamba kanakopeleka mafuta kwenye gurudumu hilo, anakafunga kwa kipande cha mpira, na gari linaondoka likifunga breki kwa magurudumu yaliyobaki. Ni ya siku mbili tu, anasema. Siku mbili zinakuwa miaka miwili. Mjomba wangu aliendesha gari la abiria la kwenda Walungu likiwa na bomba la namna hiyo, na tulilipanda tukicheka. Kwa hiyo nilijua. Hakuna atakayeniambia sikujua.

Halafu kituo kikaamua kuanza kupima magari ya watu. Gari linakuja, linachomekwa valise, kioo kikiwa kijani linapewa karatasi yenye alama ya kijani ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Gari la kwanza kabisa lilikuwa basi dogo la shule ya watoto wadogo, ile anayosoma binti yangu. Basi hilo linawachukua watoto huku juu Cimpunda na kuwateremsha mpaka shuleni, njia yote ni mteremko. Wageni wafadhili walikuwepo na simu zao za kupigia picha. Directrice, mkuu wa shule, alikuwepo na kitenge kipya. Mimi niliwekwa mbele: mwanamke, kijana, mama wa mtoto anayepanda basi lenyewe. Walipenda hilo sana.

"Maman Valise, leo njo siku yako!" wenzangu walipiga kelele.

Nilichomeka. Tukangoja. Mwenzetu mmoja, mwanaume aliyekuwa ametengeneza magari barabarani kabla ya kuja kituoni, alikuna kichwa akauliza: "Na kwa chini, nani atachungulia?"

"Kwa chini njo darasa inakaa," Ingénieur akajibu, na kila mtu akacheka. Nami nilicheka. Hatukuwa na fosse tena, na kriki ya kunyanyulia gari ilikuwa imefungiwa stoo ili isionekane kwenye picha.

Kioo kikawa kijani. Injini nzuri, waya nzuri, hakuna kosa hata moja.

"Unaona? Iko vert. Tia signature," Ingénieur akasema.

Unatia saini kwa kidole, juu ya kioo. Nilitia. Dereva wa basi, ambaye watoto wote wanamwita tonton, yaani mjomba, alibandika karatasi yake akarudi nyuma kuitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi. Nilimwona anafuta mikono yake kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Ilikuwa wiki kadhaa baadaye, jioni, ninamwosha binti yangu miguu kwenye beseni. Alikuwa anahesabu. Kwa Kifaransa, kama wanavyofundishwa: un, deux, trois, quatre. Kila akihesabu anapiga maji kwa kisigino.

"Unahesabu nini?"

"Tonton," akasema. "Tunahesabiaka tonton. Kila pahali bus inasimama, anakanyaga, anakanyaga, anakanyaga, sisi tunahesabu. Zamani ilikuwa trois. Leo tulifika mpaka six!"

Alikuwa na furaha. Alikuwa amejifunza kufika sita.

"Na tonton anasema nini?"

"Anasema tuhesabu kwa nguvu, ili bus isikie."

Nilimkausha miguu, kidole kwa kidole. Breki nzima inakamata kwa kukanyaga mara moja. Ukikanyaga mara tatu, kuna kitu kinakimbia. Ukikanyaga mara sita, kimeshakimbia, na unachokanyaga ni hewa.

Asubuhi niliteremka naye mpaka pale watoto wanapongojea basi, karibu na mama anayekaanga mandazi. Mama wengine walikuwepo, vikapu vichwani, haraka zao mwilini. Basi likaja. Nilimsikia tonton anavyolisimamisha: tup, tup, tup, tup. Alipoteremka kuwafungulia watoto mlango, nilimwambia nataka kuchungulia chini.

"Chini ya nini, maman?"

"Chini ya bus."

"Bus ilishapimwa." Akanyoosha kidole kwenye kioo cha mbele. "Ona. Signature iko ya nani? Si yako?"

Mama mmoja, muuza mboga mwenye mtoto wa kiume anayekaa kiti kimoja na binti yangu, alikwisha kasirika. "Eh, maman ya masomo, utatuchelewesha! Mi niko na bidhaa sokoni. Leo unataka kutuonyesha diploma?"

Nililala chali kwenye tope na sketi yangu na kuingia chini ya basi.

Gurudumu la nyuma kushoto: bomba limekunjwa, limefungwa kwa mpira mweusi. La nyuma kulia: limekunjwa, mpira mwekundu, wa zamani zaidi, umepasuka kwa jua na vumbi. La mbele kushoto halikuwa limekunjwa. Lilikuwa limelowa. Niligusa kwa kidole nikanusa. Mafuta ya breki yana harufu yake, huwezi kuichanganya na nyingine. La mbele kulia peke yake lilikuwa zima. Basi la magurudumu manne, watoto kumi na wawili ndani, lilikuwa linategemea gurudumu moja na nusu. Na juu yangu niliwasikia wanaketi, viatu vyao vidogo vinapiga sakafu, wanapigania dirisha.

Nilitoka nimejaa tope mpaka kwenye nywele. Nilisema nilichokiona, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Tonton si mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu mkisikia habari hii mtamtafuta mtu mbaya. Anawafungia watoto vifungo vya masweta. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye ninayeumwa.

"Maman, gari muzee haukanyagake kwa hasira, unaibembelezaka. Hii bus iko inatembea hivi tangu mutoto wako hajazaliwa. Niliomba pièces, vipuri, banasema ngoja, mupaka bado. Na computer yenu yenyewe ilisema iko bon."

"Computer haikutazama chini!"

"Basi, ungetazama weye."

Nilimteremsha binti yangu. Nikawaambia mama wengine: chungulieni wenyewe. Wawili waliinama kweli, wakashika mikono ya watoto wao wakasema watakwenda nao kwa miguu. Wengine hawakuinama. Yule muuza mboga alisema: "Mi nikimupeleka kwa miguu, nani atauza? Weye utakuja kuuza kwa fasi yangu?" Halafu akaongeza, polepole zaidi, bila kunitazama: "Machine ilisema iko muzima. Machine haina wivu."

Nilibandua ile karatasi kwenye kioo cha mbele, nikaichana mbele yao. Basi likaondoka bila karatasi, watoto tisa ndani. Niliwasikia wanaanza kuhesabu kwenye kona ya kwanza.

Nilimwacha binti yangu aende shuleni na wale mama wawili, nikaenda moja kwa moja kituoni. Ingénieur alikuwa anafuta vumbi kwenye vioo kwa kitambaa chake cha miwani. Nilimweleza. Aliuliza swali analouliza daima, la namba ya kosa ambayo valise inaonyesha.

"Ilitoa code gani?"

"Haikutoa code."

"Basi?"

"Bomba haina waya, Ingénieur! Itatoa code na nini?"

Aliketi. Ni kijana mwenye akili, na niliona akili yake inafika mahali ilipotakiwa kufika. Akapiga meza kwa ncha ya kalamu, na sakafu ikarudisha sauti kutoka chini.

"Futa jina langu," nilimwambia. "Futa ile kijani."

Alijaribu. Nashuhudia kwamba alijaribu. Aligusa hapa, akagusa pale, akaingiza neno la siri, kwenye kioo kaduara kakazunguka na kuzunguka. "Système inakatala," akasema. "Ikishakuwa vert, inatumwa. Rapport ilishaenda kwa bafadhili."

"Basi tuilete bus hapa leo. Tuiweke juu ya fosse, tuifungue, tuitengeneze. Wanafunzi wako, tuko na mikono."

Alitazama zulia la buluu. Wote tuliokuwa mle ndani tulilitazama. Ilikuwa imenyesha, na chini ya mbao maji yalikuwa yanasema maneno yao.

"Tutaiweka wapi?" akauliza. Halikuwa swali la kunipinga. Alikuwa hajui kweli. "Wiki kesho wageni wanarudi kutazama salle hii ya tablette. Nikifumua salle, nitawaonyesha nini? Ngoja wapite. Wakipita, nitaona namna."

"Na mteremko utangoja?"

"Maman Valise, tafadhali."

Nilimwambia asiniite hivyo tena. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Attestation yangu ya mwisho wa masomo iko kwenye droo yake mpaka leo, wanasema nitapewa nikitulia.

Saa nane ya mchana nilikwenda shuleni kwa directrice. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Hakunipa nafasi. Kwenye meza yake kulikuwa na karatasi mpya, bado inanukia wino, ile alama ya kijani, na chini yake saini yangu, ileile ya kidole, na mkia wake uleule uliopinda kwa sababu siku ile kidole kiliharakisha kwa furaha. Alikuwa amepiga simu kituoni kuomba nyingine, sekretari akachapisha. Haikuchukua hata dakika tano. Nilichana karatasi, saini haikuwa kwenye karatasi. Iko mahali nisipoweza kufika, na kila atakayeiomba atapewa.

"Maman," directrice akasema, "nikusikie weye wa leo ao weye wa siku ile?"

Swali hilo ninalala nalo.

Na mnajua kinachonitia hasira kuliko yote? Basi lilifika. Siku ile lilifika salama. Na siku iliyofuata. Na wiki nzima iliyofuata. Kila likifika ninaonekana mjinga zaidi kidogo, na tonton anapiga honi akinipita, honi ya urafiki, na watoto wananipungia mkono. Sijui kama mnaelewa maana ya kuamka kila asubuhi ukiomba uonekane mjinga tena. Binti yangu anakwenda kwa miguu, analia, anasema wenzake sasa wanafika dix, kumi, na yeye hajui kinachokuja baada ya six.

Chini kabisa ya mteremko kuna kona. Barabara inakata kushoto, na mbele, kwa yule ambaye hakukata, hakuna ukuta wala mti. Kuna mapaa ya nyumba za watu, chini ya ukingo, na moshi wa jiko unatokea kati ya mabati. Wale mama wawili walioinama nami siku ile, nilikaa nao tukafikiri. Karatasi hatukuweza. Directrice hatukuweza. Koleo nilikuwa nalo, lakini kipuri sikuwa nacho. Basi tukachukua magunia matupu ya unga, tukayajaza mchanga na kokoto za mtoni, tukaanza kuyapanga kwenye ile kona, ukingoni, moja juu ya lingine. Mimi nilionyesha wapi. Nilipiga hesabu ya uzito wa basi na watoto ndani yake kichwani mwangu, hesabu ambayo hakuna mama anayepaswa kuipiga, na nikasema: unene wa magunia matatu, urefu wa kifua.

Vijana wa mapikipiki wanaosimama pale walitucheka, kana kwamba tunaweka kizuizi cha kutoza ushuru. "Bamama, iyo ni barrière? Tunalipa kwa nani?"

"Mutalipa kwa Mungu," mmoja wetu akawajibu, na wao wakacheka zaidi, lakini mmoja alishuka akatusaidia kubeba.

Tonton alisimamisha basi siku ya kwanza alipoyaona. Sikuhesabu, nilikataa kuhesabu. Alitoa kichwa dirishani, akayatazama magunia, akatutazama sisi.

"Munajenga nini?"

"Kitanda," nikamwambia. "Chako."

Hakucheka. Alipandisha kioo. Tangu siku hiyo hapigi honi, na anapofika kona ile anapita taratibu sana, amekumbatia usukani kwa mikono yote miwili, na watoto nao wananyamaza, sijui nani aliwaambia wanyamaze.

Tunaongeza gunia moja kila asubuhi, mvua inayalegeza yale ya chini. Leo nilipofika kulikuwa na mtu amenitangulia. Ni yule muuza mboga aliyenitukana. Alikuwa ameleta gunia lake mwenyewe, lile la kubebea mihogo, limejazwa mchanga, limeshonwa mdomo kwa kamba ya nailoni, mshono mzuri kuliko wetu. Hakunisalimia. Aliliweka juu ya mengine, akalipigapiga kwa kiganja mpaka likakaa sawa, akajaribu kulisukuma kwa bega aone kama linatikisika. Halafu akajifuta mchanga mikononi, akapanda mlima haraka, kumwingiza mtoto wake kwenye basi.